Antena Juu ya Mabati ya Mususa

"Masika njo ule balitakaka kuchoma," mke wa binamu yangu mmoja alimnong'oneza mwenzake. Walikuwa wanamenya makemba, ndizi za kupika, uani, siku za matanga ya Baba Mkubwa Paluku, na hawakujua kwamba nilikuwa nyuma yao nikitafuta beseni. "Kuchoma ju ya nini?" mwenzake aliuliza. "Ju ya mvua. Banasema alikuwa anaongeaka na bachinjaji kupitia mvua." Masika ni mimi. Nilichukua beseni langu nikarudi jikoni. Nilitaka kuwageukia niwaambie kwamba haikuwa hivyo, lakini mtu anayekutwa akisikiliza kwa nyuma hasadikiki. Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kubaki katika nyumba ile, mbali na mimi, aliyelijua jambo hilo lote. Mama Mkubwa alikuwa amekwisha kumtangulia. Tulipomfukia pale makaburini niliona wazi kwamba habari yangu imebaki mikononi mwa watu wanaomenya makemba. Basi ninaisimulia mwenyewe, kabla haijapikwa na kupakuliwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, nasoma informatique, masomo ya kompyuta, hapa Butembo, mashariki ya Kongo, na nililala kwa Baba Mkubwa, mtaa wa Mususa, katika chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo ya kahawa. Kahawa ilikuwa imeondoka miaka mingi, lakini harufu yake ilibaki ndani ya kuta za udongo, na siku za baridi ilitoka tena kama jasho la mtu mgonjwa. Kulikuwa na kitanda, meza yenye mguu mmoja mfupi, dirisha dogo la nondo, na chini ya meza betri ya gari iliyojazwa na paneli ya jua iliyokuwa juu ya mabati. Chumba hicho nilikipenda. Lakini kila ninapoukumbuka mwaka ule, kinachotangulia si chumba, ni meza ya chakula. Tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo, siku njema pamoja na ndagala, samaki wadogo, na redio ilikaa kwenye ukingo wa dirisha. Saa ya habari ilipofika, Baba Mkubwa aliinua kidole, na mikono yote ikasimama juu ya sahani. Mtangazaji alitaja vijiji vya upande wa Beni, akataja panga, akataja shoka, akataja wanawake waliokutwa wamechinjwa shambani. Sisi tulikaa hivyo, kila mtu na tonge lake hewani, hadi Mama Mkubwa aliposema, "Tukule tu, bugali inapoa." Tukala bila kuonja. Beni si mbali na Butembo. Gari lililotoka asubuhi, njia ikiwa kavu, lingeweza kufika kabla jua halijawa kali. Hofu ilitujia na magari yale yale yaliyoleta kakao na mbao, pamoja na watu waliokimbia wakiwa na godoro kichwani na kuku kwapani. Tulijifunza kuogopa vitu ambavyo zamani havikuwa chochote: mgeni anayeuliza njia, mbwa wanaobweka wote kwa pamoja, jirani aliyehama bila kuaga.

Kifaa chenyewe kililetwa na Muhindo, mtoto wa Baba Mkubwa, aliyekuwa anasoma Kampala. Alikuja likizo, akatoa mfukoni kidude kidogo kama kle, zile flashi za kuhifadhia muziki, chenye tundu la waya upande mmoja. "Hii banauzisha ju ya kuangalia televizyo ku ordinateur," aliniambia, akikichomeka kwenye kompyuta yake. "Mais, Masika, inasikia mingi kuliko televizyo." Redio ya kawaida ina vyuma vyake vya kuchagua mawimbi, hii haikuwa navyo karibu hata kimoja. Ilinasa tu kilichokuwa hewani na kukimimina ndani ya kompyuta, na programu ndiyo iliyofanya kazi ya redio: kuchagua wimbi, kuligeuza kuwa sauti, na sauti ile kuigeuza kuwa picha. Muhindo alinionyesha mara chache, kisha likizo ikaisha akarudi Kampala, akaniachia kle, programu, na kompyuta yake ya zamani ambayo herufi mbili zilikuwa zimeng'oka. Antena niliitengeneza mwenyewe. Nilichukua mirija miwili ya aluminiamu kutoka kwenye antena ya televizyo iliyoharibika, nikaifunga juu ya kipande cha ubao, imefunguka kama miguu ya mtu aliyekaa chini, na nikailaza juu ya mabati karibu na paneli. Nilipokuwa juu kule niliona watoto wa jirani wamesimama wananitazama. Niliwapungia mkono. Hawakunipungia.

Setilaiti za hali ya hewa, zinazopiga picha za mawingu na kuzituma kwa yeyote anayesikiliza, zilikuwa zinapita juu yetu asubuhi, mchana na jioni, na programu ilinieleza mapema ni saa ngapi. Siku ya kwanza niliketi nimeshika kingo za meza. Kwanza kulikuwa na mngurumo mtupu, kama mvua juu ya majani. Kisha ndani ya mngurumo ule kikatokea kitu kama saa ya ukutani iliyo mbali sana, tik-tok, tik-tok, kikawa kinakaribia, na kwenye skrini mistari ikaanza kujipanga, mmoja chini ya mwingine, myembamba kama nyuzi za kitambaa. Mstari baada ya mstari niliona weupe, kisha weusi wenye umbo, na nikalitambua umbo lile kabla akili haijasadiki: lilikuwa Ziwa Edward. Ziwa letu, lililo huko chini ya milima, ambalo samaki wake nimewala maisha yangu yote, lilikuwa linaingia ndani ya stoo ya kahawa kutoka mbinguni, na hakuna mtu aliyenidai kibali wala kitambulisho. Nililia. Mama Mkubwa alisikia ile sauti akaja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. "Ni nini ile?" aliuliza. "Iko kama mutu anakwangua sanduku ya maiti kutoka ndani." Nilimweleza. Alisogea, akatazama picha, akaonyeshwa ziwa, akaonyeshwa mawingu juu ya Ruwenzori. Akauliza: "Na sisi tuko wapi?" Nilimwonyesha kwa kidole. Pale palikuwa na doti ya kijivu, sawa na doti nyingine zote. "Donc, basi, kama Mungu iko anatuangalia kutoka kule," alisema, "anaona hivi?" Usiku ule katika sala ya jioni aliomba kirefu kuliko kawaida.

Baba Mkubwa hakuuliza habari ya Mungu. Alikuwa na kamiyo moja, lori lililokuwa linapanda Beni na kuendelea kaskazini kuchukua kakao, na aliuliza habari ya mvua. Mtu asiyeijua njia ile anaweza kudhani mvua ni taabu ya matope tu. Lakini miaka ile, kaskazini ya Beni, kamiyo iliyokwama katika matope ilikuwa kama chakula kilicho mezani tayari. Msitu ulikuwa pande zote mbili, na wale waliokuwa ndani yake hawakuwa na haja ya kusimamisha gari. Walisubiri barabara iwasimamishie. Baada ya kamiyo yake kukwama hivyo mara moja, na kuponyoka, Baba Mkubwa alianza kuja chumbani kwangu asubuhi, amevaa koti lake juu ya nguo za kulalia, ameshika kikombe cha chai ya mchaichai. Niliweka picha ya jioni karibu na picha ya asubuhi nikamwonyesha wingu lilivyosogea. Sikuwa nabii. Kuna siku nilikosea, nikasema kutakuwa kukavu na vijana wa kamiyo wakarudi wamelowa hadi mifupani. Lakini siku nilizopatia zilikuwa nyingi za kutosha, na madereva wa majirani walianza kupita pia. "Mutoto wa mbingu anasema nini leo?" waliuliza wakicheka, lakini hawakuondoka kabla sijajibu. Nami kila nilipojibu niliirudia picha kuitazama tena. Ni vitu viwili mbalimbali, kuogopa kufa na kuogopa kwamba neno lako litamuua mtu. Cha pili hukujia hata ukiwa umefunga mlango.

Kati ya madereva hao alikuwapo Kasereka, mtu mrefu, mpole, mwimbaji wa besi katika kwaya yetu. Aliendesha kamiyo ya tajiri mwingine, patron wake, na yeye na mkewe, Mama Kahambu, walikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Asubuhi moja alikunywa chai kwetu. Nakumbuka mandazi yalivyokuwa yamekauka, na jinsi alivyolichovya la kwake kwa subira, mpaka likalainika. Picha ya asubuhi ile ilinitisha. Wingu moja, jeupe, zito, lenye kingo kali kama la kukatwa kwa kisu, lilikuwa limelala tangu milima ya Ruwenzori hadi ndani ya msitu wa Ituri. Jioni iliyotangulia lilikuwa bado upande wa Uganda. Baba Mkubwa alilitazama mara moja akasema, "Kamiyo yetu hapana toka." Kisha akamgeukia Kasereka: "Na weye, mwanangu, hapana enda." Kasereka alitafuna andazi lake. "Baba, patron amesema kakao inaoza kule. Nikikataa, kesho ataweka mutu mwingine." Nilimwambia mimi pia, kwa neno letu la kumheshimu mkubwa: "Yaya Kasereka, muangalie mwenyewe." Aliinama akaangalia skrini, akatikisa kichwa kwa mshangao kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa mwenziwe. "Ni muzuri," alisema. "Inafanana na pamba." Akaaga. Akafunga kifungo cha juu cha koti. Tuliisikia injini yake ikipanda kilima.

Mvua ilianza kabla ya adhuhuri na ilinyesha kama iliyokuwa imekatazwa muda mrefu. Kesho yake redio ilitangaza kamiyo iliyokwama na kushambuliwa mbele ya Mbau, kaskazini ya Beni. Sitasimulia waliyoyakuta pale wale waliokwenda kuchukua miili. Walikuta wengi wa abiria. Kasereka hakuwa miongoni mwao. Wengine walikuwa wamechukuliwa wakiwa hai, kubeba mizigo msituni, na ilisemekana yeye alikuwa mmoja wa hao. Kwa mke, habari ya namna hiyo si kifo na si uzima. Mama Kahambu hakuruhusiwa kunyoa kichwa wala kufanya matanga. Alifagia ua wake kila siku, alipika chakula cha watu wawili na watoto, na alipokutana nami njiani alinitazama kwa jicho ambalo sikuweza kulibeba.

Maneno yalianza mahali maneno yote huanzia, sokoni. Mama Mkubwa aliuza maharagi katika soko la Bulengera, na siku moja alirudi kapu likiwa limejaa kama lilivyokwenda. Hakuna aliyenunua. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni nikiosha sahani, na nikamsikia akimwambia Baba Mkubwa kwa sauti ya chini: "Banasema kamiyo yetu ilibakia ju tulijua. Banauliza, mutoto aliambiwa na nani? Banasema ile vyuma juu ya mabati inaonyesha bachinjaji pahali kamiyo iko." Baba Mkubwa akajibu kwamba ni upuzi, utapita. "Upuzi hapana pita siku hizi," Mama Mkubwa alisema. "Upuzi unabeba mawe." Na alisema kweli. Juu ya Beni zilikuwa zinapita ndege ndogo zisizo na mtu ndani, watu waliziona na kuzisikia, na mauaji hayakukoma. Sasa nani angewalaumu kwa kuamini kwamba kila kitu kinachotazama kutoka juu kinatazama kwa ajili ya muuaji? Leo, nikiwa mtu mzima, siwezi kuwacheka. Walikuwa wanatafuta sababu. Vifo vile havikuwa na sababu ambayo mtu wa kawaida angeweza kuishika mkononi, na antena yangu ilikuwa kitu cha kushika.

Baba Mkubwa aliitwa Beni kwenye mazishi ya mmoja wa abiria wale, mtu wa ukoo wa mama yake. Alipoondoka nilipanda kuiondoa antena, na nilipokuwa juu ya ngazi nikaona vijana watatu wamekaa kwenye ukuta wa ng'ambo wanatazama kila nilichogusa. Niliogopa kwamba nikiishusha mbele yao nitaonekana ninaficha ushahidi. Nikashuka mikono mitupu. Siku zilizofuata nilikula kidogo, na nilisikia kila mguu uliopita nje. Mama Mkubwa alihamisha godoro lake chumbani kwangu, tukalala wote wawili kwa nguo za mchana.

Walikuja baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali. Nilisikia kwanza filimbi, kisha vifuniko vya sufuria vikigongwa, kama watu walivyogonga kuwafukuza wezi, kisha jina langu. Nilichungulia dirishani. Njia ilikuwa imejaa. Wengi niliwajua: mtu aliyetushonea viatu, mama wa kwaya, wanafunzi wa shule niliyosoma. Mbele yao alikuwa kijana mmoja motard, dereva wa pikipiki za kukodi, Kambale, ambaye mara nyingi alikuwa amenipeleka masomoni. Alishika bidon, dumu la manjano, na aliiegemeza kwenye mguu kwa namna ya mtu aliyeshika kitu kilichojaa. Harufu ya petroli ilinifikia kabla sijasikia wanachosema. Hadi leo harufu hiyo ikinipata kituoni, ninavuka upande wa pili wa njia.

Mama Mkubwa alitoka akasimama mlangoni pa ua akiwa na mwiko wa bugali, mtu mmoja mfupi mbele ya watu wale wote. "Munataka nini ku nyumba ya mukristo?" Chef wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, mzee aliyekuwa amesukumwa mbele na umati kuliko kuuongoza, alisema, "Mama, batu banataka ule mutoto atoke na mashini yake. Akikataa, mimi hapana weza kubazuia." Nilitoka. Sikutoka kwa ushujaa; nilitoka kwa sababu nyumba ina mlango mmoja na niliona bora moto unikute nje. Nilibeba kompyuta kifuani kama mtoto mchanga. Nilisikia mtu akisema, "Angalia, iko anacheka," na sikuwa nikicheka, ni midomo tu ilikuwa imekauka ikabaki wazi.

"Unaongeaka na nani?" Kambale aliuliza. "Hapana mutu," nilisema. "Hii hapana tuma. Inasikia tu. Setilaiti itapita sasa hivi. Kama munataka, musikie benyewe." Hilo lilikuwa kweli, programu ilionyesha kwamba imebaki kidogo tu itokeze. Lakini kidogo hicho sitakisahau. Watu walijaa uani, wakakanyaga sombe iliyoanikwa, wakaniwekea duara, na kompyuta, niliyoiunganisha na waya wa antena uliokuwa unaning'inia kutoka kwenye mabati, ilikuwa juu ya stuli ya jikoni ikitoa ule mngurumo mtupu. Mtu mmoja alisema nawapotezea muda ili wenzangu wafike. Mwingine akasema mpigeni kwanza. Chef wa avenue alikuwa anajifuta shingo. Mimi niliomba kitu kimoja tu, kwamba betri isife.

Kisha ikaja. Tik-tok, mbali, ndani ya mngurumo, na umati mzima ukarudi nyuma hatua moja kama kwamba kompyuta ilikuwa imekohoa. Mistari ikaanza. Nilieleza nikionyesha kwa kidole: hii ni Sudani, hii ni Ziwa Albert, hii nyeupe ni mawingu, hii nyeupe zaidi ni mawingu ya mvua. Wale wa mbele waliinama. Mshona viatu alisema polepole, "Kweli ni ziwa." Nilidhani nimepona. Lakini mwingine nyuma akapaza sauti: "Kama inaona ziwa, njo inaona na kamiyo!" na makelele yakarudi, makubwa kuliko kwanza, na bidon ikainuliwa, na nikaona kifuniko chake hakipo.

Hapo watu wa upande wa kulia wakapisha njia, na Mama Kahambu akaingia. Alikuwa amemfunga mtoto mgongoni. Hakumtazama mtu yeyote. Alikuja akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya stuli, uso wake karibu uguse skrini, na akaniambia kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Masika, mudogo yangu. Batu banasema hii inaona yote. Uniangalizie Kasereka. Uniambie tu iko wapi."

Bidon ikashushwa chini. Ziwa Edward lilikuwa limekwisha kushuka kwenye picha, na juu yake msitu, kijivu kizito chenye madoa meupe. Nilipiga magoti karibu naye. Nilimwonyesha. "Mama, hapa ni Beni. Hapa ni Mbau. Angalia, mji muzima ni doti moja. Kama batu bote ba Butembo bangesimama pamoja mu kiwanja, hii hapana ona. Haioni mutu. Haionaka mutu hata mumoja." Aliweka kidole chake juu ya doti ile, kidole kilichokuwa na unga wa muhogo. "Donc iko humu," alisema. "Pengine," nilimwambia. "Pengine iko humu." Alikiacha kidole pale wakati mistari ilipoendelea kushuka, na picha ikasogea, na doti ikaondoka chini ya kidole chake, na yeye akaifuata kidogo kidogo mpaka ukingo wa skrini. Kisha akalia. Alikuwa hajalia mbele ya watu tangu siku ile ya mvua, kwa sababu hakuruhusiwa. Alilia kwa jina la mume wake, akalala chini pale pale, na yule mama wa kwaya aliyekuja kuniona nikichomwa akaangua kilio, na mwingine, na mwingine, wakakaa vumbini kumzunguka, wakaanza wimbo wa maziko. Wanaume walivua kofia. Umati uliokuja kwa ajili yangu uligeuka matanga ya Kasereka, uani kwetu, na hakuna aliyejua tena la kufanya na moto.

Sisemi kwamba walinisadiki. Vijana wawili walipanda juu ya mabati wakaivunja antena kwa mawe, na chef wa avenue aliichukua kompyuta pamoja na kle akavipeleka bureau, ofisini kwake, ambako vilipotea kama vitu vinavyopotea bureau. Jioni wanawake walikuwa bado wako uani, na Mama Mkubwa, ambaye mwiko ulikuwa haujamtoka mkononi, aliwapikia maharagi yale ambayo walikuwa wamekataa kuyanunua. Walikula. Nilikuwa nawapa maji ya kunawa, mmoja mmoja, na baadhi yao walisema "Wasingya", asante kwa Kinande, bila kuinua macho. Kasereka hakurudi kamwe. Mama Kahambu alimngoja miaka, kisha akahamia kwa ndugu zake, na watoto wake wamekuwa wakubwa. Mwaka uliopita Muhindo aliniandikia kwamba setilaiti za namna ile zimezeeka na kuzimwa. Alidhani nitasikitika. Nilisoma ujumbe wake nimesimama jikoni, na kitu nilichohisi kilikuwa karibu na nafuu, kisha nikaona aibu kwa nafuu hiyo, maana hazikumdhuru mtu.

Baba Mkubwa aliporudi kutoka Beni alikaa na mimi kwenye kitanda cha stoo, akatazama mahali ambapo kompyuta ilikuwa. "Binti yangu," alisema, "leo balilia. Kesho sijui." Akaamua niende Kipese, kwa watu wetu wa mashambani, hadi midomo ichoke. Mama Mkubwa alinifungia viazi vilivyochemshwa na nguo mbili, na asubuhi, ukungu ukiwa bado chini, akaita moto, pikipiki ya kukodi, kutoka kona. Motard alikuwa amejifunika shingo na uso kwa kitambaa kwa ajili ya baridi. Nilipanda nyuma yake. Tulikuwa tumekwisha kutoka mjini, nyumba zimeachana, ndipo nilipotambua koti lile, na mabega, na namna ya kuinamisha kichwa. Alikuwa Kambale. Nilihesabu ni umbali gani ningeweza kukimbia na viatu nilivyovaa.

Katika kilima cha juu, ambapo hapakuwa na nyumba wala mtu, alipunguza mwendo akasimamisha pikipiki. Alizima injini. Nilishuka kabla hajanigeukia, nikarudi nyuma mpaka nikagusa ukingo wa njia, nikaangalia mikono yake. Alishusha kitambaa. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala. "Yaya," alisema, na yeye hakuwa mdogo kwangu, "kesho ninaenda Beni. Mama yangu alibakia kule mu kijiji. Anasema hapana toka bila mimi. Ninataka kumubeba na hii moto." Akaparua tope kavu kwenye usukani kwa ukucha. "Mvua itanyesha?"

Leo ninajua kwamba alienda, na kwamba alirudi naye, mwanamke mzee amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa mwanawe ili asianguke. Ninakutana nao hadi sasa, tunasalimiana vizuri, na ile bidon hatujaizungumza hata siku moja. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua. Niliangalia juu kwa macho yangu matupu, kama kila mtu. Kulikuwa na ukungu tu. Ningeweza kumwambia lolote, na angelisadiki.

"Sijui," nilimwambia. "Kweli, Kambale, sijui."

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Wasingya," alisema. "Batu bote banajua. Weye njo wa kwanza kuniambia hapana jua." Kisha akawasha injini, akangoja nipande. Njia ya kushukia upande wa pili ilikuwa na utelezi mbaya, na sikuwa na kitu kingine cha kushika, basi nikalishika koti lake kwa mikono yote miwili.